Mahema ya Vita na Mafundi wa Kuyashona

  Leo nawaomba mkae karibu na redio pamoja na kalamu na karatasi, kwani tutapiga hesabu kidogo katikati ya somo, na mwisho yatakuwapo maswali ya kuzungumza kikundini.

Somo la leo limetokana na barua. Kikundi kimoja cha elimu ya watu wazima katika Mkoa wa Iringa kinajitayarisha kuigiza vita vya Lugalo vya mwaka 1891. Wamekwisha pata mikuki na ngao. Wamepata vijana wa kuwa jeshi la Mkwawa, wamepata hata watu wa kuwa Wajerumani, ingawa hao walitafutwa kwa shida. Kitu kimoja kimewashinda, nacho ni mahema. Wanauliza hivi: ni fundi gani awezaye kutushonea mahema ya askari yanayofanana na yale ya zamani, nasi tutamtambuaje?

Swali hili ni zuri, tena ni kubwa kuliko linavyoonekana. Nitalijibu, lakini kwanza tujue hema lenyewe. Asiyejua kitu anachokitaka hawezi kumpima fundi wake. Atapokea chochote atakachopewa.

KUIGIZA VITA SI JAMBO GENI

Wako watakaosema kwamba kuigiza vita vya zamani ni mchezo wa Wazungu. Sivyo. Wazee wetu waliicheza ngoma ya beni. Ngoma hiyo ilianzia katika miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ikaenea bara pamoja na askari na wapagazi. Wachezaji walijipa vyeo vya jeshi, wakavaa sare, wakapiga gwaride kwa tarumbeta na ngoma. Vyama vyao vikubwa viliitwa Marini na Arinoti. Kando ya Ziwa Nyasa, ngoma ya mganda ina asili hiyo hiyo.

Katika nchi ya Marekani watu huigiza vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vya miaka ya 1861 hadi 1865. Mchezo huo ulipata nguvu mwaka 1961, ilipotimia miaka 100 tangu vita kuanza, watu wengi walipokusanyika Manassas katika Virginia kuigiza pigano la kwanza kubwa. Tangu hapo yamezuka makampuni ambayo kazi yao ni kushona mahema ya mtindo wa kale. Panther Primitives ya West Virginia na Tentsmiths ya New Hampshire ni majina yaliyopata kujulikana sana miongoni mwa waigizaji. Kwetu hakuna duka la namna hiyo. Fundi tunaye, lakini yatupasa sisi wenyewe kumfundisha anachopaswa kushona.

HEMA LILIVYOFIKA NYANDA ZA JUU

Zamani askari wa Uhehe hakuhitaji hema la nguo. Nyumbani alikaa katika tembe, na akiwa safarini aliweza kujenga kibanda cha matawi na majani. Hema la nguo lilikuja na misafara ya wageni.

Mwaka 1877 balozi Mwingereza, Frederic Elton, alitoka Ziwa Nyasa akapita Usangu katika nchi ya Merere, na mwishoni mwa mwaka huo akafa Ugogo. Mwaka 1879 kijana Joseph Thomson alipita Uhehe akienda Ziwa Nyasa, baada ya mkuu wake, Keith Johnston, kufa njiani huko Behobeho. Misafara kama hiyo ilichukua mahema, na kila hema lilikuwa mzigo juu ya kichwa au bega la mtu.

Nguo ya hema ilikuwa pamba nzito. Watu wa pwani waliijua, maana nguo ngumu ya marudufu ilitumika kwa matanga ya majahazi na kwa mahema pia. Msiichanganye na ile nguo nyepesi iliyoitwa marekani, iliyoletwa Unguja na wafanyabiashara wa Salem katika Massachusetts. Hiyo ilikuwa ya kuvaa na ya kubadilishana njiani.

Adui mkubwa wa hema ni uozo. Pamba ikilowa na kukunjwa ikiwa mbichi huota ukungu, na baada ya muda hupasuka kama karatasi. Henry Stanley alipofunga safari yake ya mwaka 1887 kumfuata Emin Pasha, aliagiza mahema kwa Edgington, fundi mashuhuri wa mtaa wa Duke, London. Nguo yake ilichovywa katika dawa ya mrututu, yaani salfeti ya shaba, ili isiote ukungu. Safari ilikwisha mwaka 1889, na Stanley aliandika kwamba hema lake lilikuwa limevumilia siku 300 za mvua na bado lilikuwa zima. Basi mwaona, tangu zamani jina la fundi lilikuwa na uzito. Hema baya liliweza kumwua mtu kwa homa ya mapafu.

HEMA GANI, NA LA MWAKA GANI?

Sasa tutazame mahema ya jeshi. Nitataja aina mbili.

Aina ya kwanza ni hema la mviringo lenye nguzo moja katikati, ambalo kwa umbo lake huitwa hema la kengele. Mwaka 1856 ofisa Mmarekani, Henry Sibley, alipata hataza ya hema la mviringo la nguzo moja, na jeshi la Uingereza likatumia hema la jamii hiyo kwa miaka mingi. Lile la Kiingereza lilikuwa na kipenyo cha futi 12 na nusu hivi, na nguzo ya futi 10. Askari walilala miguu ikielekea nguzoni na vichwa pembeni, kama njiti za gurudumu.

Aina ya pili ni kipande cha mraba ambacho jeshi la Ujerumani lilianza kuwapa askari wake mwaka 1892. Kila upande ulikuwa na urefu wa mita 1.65 hivi, na kandokando kulikuwa na vifungo. Askari mmoja alikitumia kama koti la mvua. Wawili au zaidi walifunga vipande vyao pamoja, vikawa hema dogo.

Hapa nataka msimame kidogo. Kipande hiki kilianza mwaka 1892. Vita vya Lugalo vilipiganwa tarehe 17 Agosti 1891. Basi je, chaweza kuonekana katika mchezo wa Lugalo? Hakiwezi. Mwaka mmoja tu ni mdogo machoni petu, lakini katika historia unatosha kutenganisha kweli na uongo.

Vivyo hivyo kwa kamba. Twaipenda kamba ya katani, nayo yaonekana ya kizamani. Lakini mkonge uliletwa katika nchi hii na Dakta Richard Hindorf mwaka 1893. Kamba ya katani ya mashamba yetu haikuweza kufunga hema mwaka 1891. Tumieni kamba ya pamba, au kamba ya makumbi ya nazi kutoka pwani.

Na ndugu zetu wa Mbeya nao wasikie. Mkitaka kuigiza Vita Kuu ya Kwanza, msiandike kwamba Waingereza waliuteka mji wa Mbeya. Mji huo haukuwapo bado. Ulianza kukua katika miaka ya 1920, na dhahabu ya Lupa ikauongezea watu. Majeshi ya Jenerali Northey yalivuka mpaka mwezi wa Mei 1916, yakaishika Neu Langenburg, yaani Tukuyu ya leo, kisha yakaendelea mpaka yakaingia Iringa tarehe 29 Agosti 1916. Katika mchezo huo hema la kengele lina mahali pake.

KUMTAMBUA FUNDI

Sasa tuje kwa fundi. Katika barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam mpaka Tunduma malori hupita usiku na mchana, na kila lori lahitaji turubai. Kwa hiyo katika miji yetu wako mafundi wenye cherehani nzito za kushonea turubai. Wako pia washonao mahema ya arusi na misiba. Katika miji ya Arusha na Nairobi ziko karakana za mahema ya watalii. Yeyote katika hao aweza kuwa fundi wenu. Mpimeni kwa maswali matano.

La kwanza, kitambaa. Mwombeni awaonyeshe, kisha chomoeni uzi mmoja mwuchome moto. Uzi wa pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Uzi wa nailoni au wa plastiki huyeyuka na kuacha donge gumu. Nailoni ilivumbuliwa mwaka 1935. Haina kazi katika hema la 1891 wala la 1916.

La pili, mshono. Mshono wa hema hukunjwa mara mbili, kingo ya kipande kimoja ndani ya kingo ya kingine, kisha hupigwa mistari miwili. Msiogope cherehani, kwani Singer alipata hataza ya yake mwaka 1851. Lakini mahali pa kupitishia kamba pazungushiwe uzi kwa mkono, au patiwe pete ya shaba, wala si pete ya plastiki.

La tatu, vigingi na nguzo. Viwe vya mti. Nondo ya kujengea nyumba ni rahisi kupatikana, lakini itawaumbua.

La nne, rangi. Takeni nyeupe au rangi ya pamba isiyopaushwa. Buluu ya turubai la dukani hapana.

La tano, na ndilo kubwa kuliko yote: je, fundi yuko tayari kutazama picha na kufuata vipimo? Chuo Kikuu cha Frankfurt kimehifadhi picha za iliyokuwa Jumuiya ya Makoloni ya Ujerumani, nazo zaweza kutazamwa kwa intaneti. Tembeleeni pia Makumbusho ya Boma mjini Iringa, yaliyofunguliwa mwaka 2016 katika jengo la Wajerumani. Fundi anayesema, "Niachie mimi, najua," kabla hajaiona picha, mwageni kwa adabu, mwende kwa mwingine.

Haya, kalamu. Tushone hema la kengele kwa hesabu, tukiacha kando ukuta mfupi wa chini. Kipenyo ni futi 12 na nusu. Zidisha kwa 3.14 upate mzingo: ni futi 39 na robo. Kitambaa chenye upana wa inchi 36, ukiondoa inchi moja ya mshono kila upande, hubaki inchi 34. Gawanya mzingo kwa upana huo, utapata vipande 14 vya pembe tatu. Urefu wa kila kipande, kutoka ncha ya nguzo mpaka chini, ni karibu futi 12. Pamoja na pindo ni 12 na nusu. Vipande hukatwa viwili viwili kwa kugeuziana kichwa na mkia ili kitambaa kisipotee. Basi jozi 7 mara futi 12 na nusu ni futi 87 na nusu, yaani yadi 29 na kidogo. Nunueni yadi 30. Fundi akiwaambia yadi 50, mwulizeni 20 ni za nini.

Hema likiisha, limwagieni maji siku ya kwanza na kuliacha likauke. Pamba mpya huvuja. Ikilowa, nyuzi huvimba na kuziba matundu. Mvua ikinyesha, legezeni kamba, kwa sababu kamba ya pamba ikilowa hukaza na yaweza kung'oa vigingi. Wala msiguse nguo kwa ndani wakati wa mvua, kwa kuwa mahali paliposhikwa hupitisha maji. Na msilikunje likiwa bichi.

KISA CHANGU MWENYEWE

Msidhani kwamba haya nayasema kwa kuwa mwerevu. Miaka michache iliyopita niliongoza darasa la watu wazima katika maonyesho ya Lugalo. Fedha zilikuwa chache na siku zilikuwa chache. Nikaenda kwa fundi mmoja, ambaye sitamtaja, nikamwambia tu, "Nishonee mahema matatu ya jeshi." Akanishonea, na kazi yake ilikuwa safi. Lakini yalikuwa ya plastiki ya buluu. Kosa halikuwa lake. Mimi ndimi sikumwambia nitakacho.

Siku ya maonyesho tuliyasimamisha mahema yale uwanjani, na bendera juu. Mtoto mmoja wa shule akauliza kwa sauti kubwa, "Kwani kuna msiba?" Watu wote wakacheka, nami nikacheka pamoja nao, ingawa moyoni niliona haya.

Mchezo ulipokwisha, mzee mmoja aliyekuwa ameketi mbele alinyanyuka, akaja kwangu. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akasema, "Mwanangu, rangi ya hema si kitu. Nakuuliza jambo jingine. Siku ile Wajerumani walipopigwa, mahema yao yalikuwa yamesimama wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani nikasoma upya habari zile ambazo nilidhani nazijua.

MAHEMA YALIKUWA WAPI?

Zelewski, mkuu wa jeshi la Wajerumani, aliondoka pwani ya Kilwa mwezi wa Juni 1891. Alikuwa na Wazungu wachache, askari zaidi ya 300, na wapagazi wapatao 170. Asubuhi ya tarehe 17 Agosti msafara ulikuwa njiani, mstari mmoja mrefu katika njia nyembamba, bunduki hazikushindiliwa tayari, na mizinga ikiwa mizigo. Jeshi la Wahehe lilikuwa limejificha katika vichaka na mawe. Ishara ilipotolewa, walitoka mbio na mikuki, na kwa dakika chache mambo yakawa yamekwisha. Zelewski aliuawa pamoja na sehemu kubwa ya jeshi lake. Wahehe walipata bunduki karibu 300. Luteni Tettenborn, aliyekuwa nyuma, ndiye aliyewaongoza walionusurika kurudi pwani.

Mwaona sasa? Msafara ulishambuliwa ukiwa safarini. Mahema hayakuwa yamesimama. Yalikuwa yamekunjwa, yamefungwa kamba, yako katika mizigo ya msafara. Yule mzee aliniuliza juu ya mahema, lakini aliyotaka nione ni mabega. Mchezo wangu ulikuwa na mahema matatu, wala haukuwa na mpagazi hata mmoja.

Mzigo wa mpagazi ulikuwa kiasi cha frasila mbili, yaani ratili 60 hadi 70. Jioni alilitua hema, likasimamishwa, akalala bwana wake. Yeye mwenyewe alilala kando ya moto au chini ya majani. Katika Vita Kuu ya Kwanza desturi hiyo ikawa msiba mkubwa. Katika Afrika ya Mashariki yote watu waliochukuliwa kubeba mizigo ya majeshi ya pande zote hukadiriwa kuwa milioni moja hivi, na waliokufa ni zaidi ya laki moja, wengi wao kwa kuhara, homa ya mapafu na njaa, si kwa risasi. Jina la Kariakoo, mjini Dar es Salaam na Nairobi, limetokana na kikosi chao cha wapagazi. Mjini Iringa yako makaburi ya vita yaliyotunzwa vizuri, yenye mawe na majina. Wapagazi walio wengi hawana kaburi lijulikanalo.

Mkwawa mwenyewe historia haikumsahau. Boma lake la Kalenga lilivunjwa tarehe 30 Oktoba 1894. Akaendelea kupigana porini mpaka alipojiua mwezi wa Julai 1898. Fuvu lake lilidaiwa hata katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, likarudishwa Kalenga na Gavana Twining tarehe 19 Juni 1954. Hiyo ni haki yake. Lakini mpagazi wa hema hana mkataba uliomdai.

JIBU KWA KIKUNDI CHETU

Basi ndugu zangu mlioleta barua, hili ndilo jibu. Mtafuteni fundi wa turubai aliye karibu nanyi, mpimeni kwa maswali yale matano, mpeni picha na vipimo, mlipeni vema. Mshoneni hema moja tu, lakini liwe la kweli. Kisha msilisimamishe. Likunjeni, mlifunge kamba, mtafute mtu mwenye nguvu alibebe tangu mwanzo wa mchezo, apite mbele ya watazamaji wote, nao waone jasho lake. Mzigo huo uwe mzito kweli. Msijaze majani makavu ndani.

Mkiigiza Kalenga ya 1894 au Iringa ya 1916, hapo lisimamisheni, kwa sababu wakati huo majeshi yaliweka kambi. Na nje ya hema, wekeni moto na watu waliojikunyata kando yake.

Maswali ya kuzungumza kikundini:

1. Kwa nini kipande cha hema cha mwaka 1892 hakifai katika mchezo wa Lugalo? Tajeni kitu kingine kisichofaa kwa sababu kama hiyo.

2. Pigeni hesabu ya kitambaa cha hema la kengele lenye kipenyo cha futi 10 na nguzo ya futi 8.

3. Je, katika ukoo wenu au kijiji chenu yuko mtu anayekumbukwa kuwa alibeba mizigo ya vita? Andikeni jina lake, alikotoka, na lolote linalosimuliwa juu yake, kisha lisomeni kikundini.

Swali la tatu ndilo ninalolithamini kuliko yote. Lijibuni kabla wazee wanaokumbuka hawajatutoka. Kwaherini mpaka somo lijalo.